Kinga ya Mashine Namba Nne

Safu ya kwanza, tarehe. Ya pili, jina.
Ya tatu, kiungo kilichoumia.
Ya nne, nyembamba kuliko zote,
ni ya chanzo.
Aliyekipiga mistari kitabu hiki
alijua sababu zetu huwa fupi.

Mimi ndiye ninayekiandika.
Mwaka wa tisa sasa, kiwanda cha sabuni, Changamwe,
chumba kinachotazama reli,
na dirisha lisilofunga tangu mvua za mwaka juzi.
Nina mwandiko mzuri. Ndiyo maana nilipewa.

Wiki tano zilizopita, saa nane na robo,
mashine namba nne, ile ya kukata miche,
ilichukua vidole viwili vya Dzombo
bila kubadili sauti.
Hilo ndilo lililotutisha:
haikukwama, haikukohoa.
Iliendelea kukata, na Nyevu, upande wa pili,
aliendelea kupanga
mpaka alipoona mche mwekundu,
na sisi sabuni nyekundu hatutengenezi.

Meneja alinijia damu haijakauka.
"Andika: uzembe wa mfanyakazi."
Si mtu mbaya. Teksi ya hospitali
aliilipa kwa pesa zake.
"Ajali haina kinga, Mbodze," akasema,
kama mtu anayefunga mlango kwa methali.

Ajali haina kinga.
Lakini namba nne ilikuwa nayo.
Bati zito la manjano, skrubu sita,
lilikuja ndani ya kreti pamoja na mashine,
nikalipokea mimi, nikatia sahihi.
Likavuliwa mwezi wa Ramadhani,
oda ya Kisumu ilipochelewa,
kwa kuwa lilitupunguzia miche kumi na miwili kwa saa.
"Tutalirudisha baada ya Idi."
Idi ipi, hawakusema.
Sasa liko stoo, juu ya ndoo mbili,
limekuwa meza:
thamosi, vikombe, mahamri juu ya gazeti.
Nami nimekunywa hapo.
Nimekunywa hapo kila siku.

Mkaguzi akija, na haji bila kupiga simu,
tunagawiwa kofia ngumu zenye harufu ya plastiki mpya.
Mtungi wa kuzimia moto unaondolewa
pale unapozuia mlango wa choo usijifunge,
unarudishwa ukutani, unapanguswa.
Mlango wa dharura unafunguliwa kufuli.
Siku nyingine ufunguo uko kiunoni mwa Mbwarali, bawabu,
kwa sababu ya wizi wa sabuni;
moto ukizuka adhuhuri
itabidi tumngoje atoe salamu, kulia, kushoto.
Mgeni akiondoka, kofia zinahesabiwa:
arobaini na moja zimetoka, arobaini na moja zimerudi.
Hakuna kitu humu kinachotunzwa kama kofia zile.

Jumatatu nilikutana na Dzombo, Magongo, penye viazi karai.
Anasema mkono bado haujui.
Akiagiza vitano huunyanyua kama zamani,
na muuzaji humtilia vitatu.
Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
kisha sikujua niuweke wapi uso wangu.

Leo nimeingia stoo kabla ya wengine.
Nimeishusha thamosi sakafuni,
na vikombe, kimoja kimoja.
Sukari imegandamana kwenye matundu ya skrubu.
Bati ni zito kuliko nilivyokumbuka.
Nimelikokota mpaka ofisini, likikwaruza saruji,
watu wakinitazama, hakuna aliyeuliza.

Sasa limeegemea meza yangu.
Meneja hajafika.
Safu ya nne ni nyembamba, lakini nimepima kwa jicho,
maneno yanaenea:
kinga ilikuwepo.
Ilikuwa imebeba chai yetu.