Goti la Kushoto

Saa kumi na moja na nusu, Oñati bado giza,
mvua ile nyembamba isiyonyesha wala kuacha.
Nimefunga kamba za viatu mara mbili,
ufunguo wa nyumba nimeuchomeka soksini,
sasa nakaa kwenye ngazi tuzungumze,
wewe goti langu la kushoto,
mdai usiyeandika deni popote.

Leo vipi?
Unalia kidogo tu, kama bawaba.
Mimi ni fundi wa vitasa, mwaka wa ishirini na sita huu;
naujua mlio wa chuma kinachotaka mafuta
na mlio wa chuma kinachotaka kuvunjika.
Wako nilichelewa kuujua.

Nilipokuwa na miaka thelathini nilikupandisha Aizkorri
nikakurudisha kabla duka halijafunguliwa,
tukiteremka mawe ya chokaa kama mbuzi aliyeiba kabichi.
Sikukuuliza kitu.
Nilidhani wewe ni mimi.

Husemwa mwenda pole hajikwai.
Mimi nilijikwaa nikienda pole,
njia tambarare, mchana kweupe,
nikitazama saa ya mkononi inipe sifa.
Miezi mitano.
Eneritz, tabibu wa viungo, rika la binti yangu,
alikubonyeza kwa vidole gumba vya baridi, akasema:
“Goti halina kosa, Garbiñe.
Nyonga imelala, goti linafanya kazi ya wawili.”
Nikaona haya, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Tangu hapo napiga mswaki nimesimama kwa mguu mmoja.
Nashuka ngazi za ghorofa kinyumenyume
na begi mgongoni, kilo tisa za funguo mbovu,
kwa mwendo wa bibi harusi.
Jirani Maritxu alishangaa wiki ya kwanza,
siku hizi hunipisha tu na mfuko wake wa taka.
Mlimani mara tatu kwa wiki. Si nne.
Hata jua likiwaka. Hata Joakin akipiga simu.
(Joakin hakupumzika hata siku moja;
sasa anatusindikiza mpaka darajani, na fimbo mbili,
anatutazama mpaka tupotee kwenye kona.)

Na hamu? Watu huniuliza naitoa wapi,
mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mvua hii.
Hamu haijapata kuja kitandani kuniamsha.
Inakaa huko juu, kwenye chemchemi ya wachungaji,
mwendo wa dakika ishirini,
na nisipokwenda hatuonani.

Mwezi wa tano, kwenye mashindano, unakumbuka?
Kilomita ya kumi na nne, ukungu, tope la kunyonya viatu.
Uxue, mwanangu, alikuwa ameshanipita
akinigusa bega bila kugeuka.
Ukaanza. Si ule mlio wa mafuta.
Nikasimama kwenye pengo la mlima,
nikafungua pini nne, moja moja,
nikamkabidhi namba yangu kijana mwelekezaji
aliyevaa koti la mvua linalomzidi.
“Umeumia, mama?”
“Bado,” nikamwambia. “Ndiyo maana.”
Hakuelewa. Alinipa nusu ya chungwa.
Nikashuka kwa miguu, saa mbili na robo,
nikilia kidogo, nisikufiche,
halafu nikiwahesabu farasi kwa kengele zao
kwa kuwa ukungu ulikuwa umewaficha wote:
saba, au sita na mmoja aliyezunguka.
Miaka yote ile ya kupita mbio
sikuwahi kujua kuwa pale pana farasi.

Haya, inuka.
Dakika kumi za kwanza tutatembea,
hata yule wa mkate akitucheka kwenye gari lake.
Kupanda naongoza mimi.
Kushuka utaongoza wewe,
na ukisema basi,