Halo ya Nne

Alhamisi, El Alto, soko limemwagika hadi kwenye reli,
baridi inang'ata masikio kama kiroboto aliyekosa mbwa.
Nina boliviano elfu moja mia mbili
ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu,
na kila hatua nakanyaga kuta nilizopiga lipu
nyumba ya watu, wiki sita, bila chai ya saa nne.

Simu tatu. Nimezipanga kichwani kama matofali:
moja ya Wara, aliyepata nafasi ya uuguzi kule bondeni,
anayeshuka kwa gari la waya kabla ya jua
na kurudi usiku, na katikati sijui lolote;
moja ya Limber, ambaye mwalimu wake hutuma hesabu kwa simu,
naye huzinakili dirishani kwa jirani, vidole vikiganda;
moja ya mama mkwe, Saturnina,
kwa maana yake imeshikana kwa mpira wa baiskeli.
Yangu? Ilizama kwenye zege mwezi wa tatu.
Sasa ni sehemu ya ghorofa ya daktari wa meno.

Zimelazwa chali juu ya blanketi kama wagonjwa,
kila moja na ufa wake.
"Hii, mzee, ina kamera nne."
Nne za nini? Sura ninayo moja
na hata hiyo inadaiwa.
"Hii ina kumbukumbu kubwa."
Kumbukumbu ninazo, kijana. Nitafutie betri.
Rahisi ghali, husema watu,
watu ambao sijui chenji walikuwa wakiipata wapi.

Nikaomba kuzijaribu, kwa laini yake.
Nambari niijuayo kwa moyo ni moja tu, ya mama mkwe.

Ya kwanza: "Halo?"
Sauti imepita kwenye gunia la mahindi. Nikairudisha.

Ya pili: "Halo? Nani amekufa?"
Hakuna, mama, najaribu simu.
Spika inakoroma. Nikairudisha.

Ya tatu: "Fermín, umelewa?"
Hiyo ilikuwa safi.
Nikasikia kuku wake, nikasikia sufuria ikitokota,
nikasikia anavyovuta pumzi kabla ya kunigombeza,
na pumzi ile ni ya binti yake,
ni ya Basilia wangu, aliye Iquique ng'ambo ya mpaka
akifua mashuka ya hoteli,
ambaye tunamsikia Jumapili, kwa foleni,
watu wanne na sikio moja.
Nikanyamaza. Muuzaji akanitazama.
Sikumwambia kitu; angepandisha bei.

Ya nne haikumaliza hata mlio mmoja.
"Sikiliza, hiyo unayotaka kuninunulia, iache.
Mara nne umepiga, mara nne yangu imelia.
Sasa mbovu ni ipi?
Niletee vitunguu, na mpira mpya wa kuifungia.
Na wewe jinunulie yako,
uache kunipigia kwa simu za watu."

Tukavutana bei, mimi na kijana wa glavu zisizo na vidole,
akaapa kwa mama yake, nikaapa kwa goti langu,
nikavua kiatu katikati ya soko
na noti zikatoka zina joto.
Ya tatu na ya nne, za watoto.
Yangu ndogo, ya vitufe, ina tochi;
itanionyesha nyufa kwenye lipu.
Vitunguu nilinunua kilo mbili. Mpira nikasahau.

Usiku, chumba kimoja, blanketi hadi puani,
kitu kikatetemeka chini ya mto wangu.
Nikaibonyeza kwa kidole kikubwa mno kwa kitufe.
"Halo?"
"Baba," akanong'ona Wara kutoka kitanda cha pili,
"umelala?"
Na jikoni, gizani, Saturnina:
"Nani amekufa?"