Ndimu Si Moto

Nagawa vikopo vya plastiki vyenye vifuniko vyekundu,
nyumba kwa nyumba, kabla jua halijachoma lami.
"Dada Wilaiporn, leo tena umekuja kuomba choo?"
Wanacheka. Nacheka nao. Kisha naandika majina.

Nyumba ya saba ni ya kaka yangu, Thongsuk.
Ubao wa mkwaju, kisu, samaki wa mtoni
wadogo kama vidole, wenye magamba,
anawakatakata hadi wawe rojo la rangi ya waridi.
Pilipili. Mchele uliokaangwa ukasagwa.
Ndimu tatu, nne.
Mnofu unapauka, unakuwa mweupe.
"Umeona?" ananiambia. "Umeiva."

Kaka, weupe si kuiva.
Ndimu si moto.
Pombe ya mchele si moto, hata ikikuunguza koo.
Humo ndani mna mdudu ambaye jicho halimwoni,
hajui uchachu, hajui ulevi,
anajua njia tu: tumboni, mirija ya nyongo, kwenye ini,
na akishafika hahami.
Mkalia ini wa kweli ndiye huyo,
miaka ishirini anakula kwako,
halipi kodi, hapigi kelele.

"Si vidonge vipo?" ananiuliza,
huku akifinyanga tonge la wali wa kunata.
Vipo. Alivimeza mwaka juzi, akavimeza mwaka jana,
na kila akimaliza kuvimeza
alirudi kwenye ubao huu huu.
Kovu juu ya kovu, karamu juu ya karamu.

Simtajii baba. Hakuna haja.
Sote wawili tuliyaona macho yake
yakikaribia rangi ya joho la mtawa aliyekuja kumwombea,
nasi tukasema ni uchovu wa mavuno.
Kule Khon Kaen daktari alianza kutuchorea ini kwenye karatasi,
akafika katikati,
akaweka kalamu chini.

Sasa Bualai, mke wa kaka, ambaye hajasema neno tangu niingie,
anapuliza makaa.
Anauchukua ubao mzima
na kuukung'uta kikaangoni.
Mvuke. Harufu ya mchaichai.
"Umeharibu!" anafoka Thongsuk.
"Nimeharibu," anajibu. "Kula."

Anaonja. Hana ladha huyu, anasema.
Anaonja tena.
Namwachia kikopo kando ya sahani,
nami nikiwa mlangoni nageuka kumtazama:
anaongeza ndimu.