Kadi ya Mwazimaji

Walipoifunga maktaba ya shule nilibeba maboksi mawili
ya kadi za kuazimia vitabu, upande mmoja mweupe.
Nimezijaza kwa ajili yako, Verlin Tostrud, miaka kumi na saba:
mstari mmoja, kura moja; tarehe, namba ya mswada,
kisha neno lako. Ndiyo. Hapana.
Au lile la tatu, ambalo karani wa Bunge huko Washington
huliandika bila kukunja uso: Hakuwepo.

Nilianza kwa mapenzi, usidhani vingine.
Ulikuwa mtoto wa safu ya nyuma, viatu vya kaka yako miguuni,
ukaazima kitabu cha injini za trekta mara sita mfululizo,
nami nikapiga mhuri mara sita, faini nikaisahau makusudi.
Ulipogombea mara ya kwanza nilikutumia dola ishirini na tano
ndani ya bahasha yenye picha ya bata.

Haya, nasoma.
Daraja la Brenna: ndiyo. Limesimama, malori ya mavuno yanapita,
sikunyimi haki yako.
Fidia ya mvua ya mawe: ndiyo, mara nne.
Posta yetu uliiapia jukwaani, kwenye maonyesho ya Agosti,
mdomo umejaa pai; kadi inasema hapana.
Hospitali za vijijini: ndiyo asubuhi, hapana jioni, tarehe ileile.
Nilifuta, nikaandika upya,
nikidhani macho yangu ndiyo yanayougua.

Machi kumi na nne, mswada wa bei ya insulini.
Hakuwepo.

Ndugu yangu Orrin aliivuta chupa moja wiki tatu.
Aliificha kwenye mlango wa friji, nyuma ya haradali,
kana kwamba kuna mtu angeiiba.
Alipima nusu, akasema kesho nitajidunga zaidi.
Ulikuja mazikoni. Ulibeba jeneza upande wa kushoto,
theluji ikakuingia shingoni, hukuachia.
Hilo nimelitafutia kadi. Sina.

Lakini lipo daftari jingine, la michango,
nililolichapisha kurasa mia mbili na kumi
hadi mashine ikaanza kunuka.
Nikaitafuta Machi kumi na nne kwa kidole,
kama achambuaye mchele wa mawe.
Chakula cha jioni, hotelini. Kampuni ya dawa: elfu tano.
Mkurugenzi wake, elfu tatu. Mkewe, elfu tatu.
Mwanawe, kazi yake "mwanafunzi", elfu tatu.
Mkono mtupu haulambwi, hilo nalijua tangu utoto;
sikujua tu kwamba ulimi nao hukatiwa risiti.

Nikajitafuta na mimi.
Ishirini na tano haifikii kiwango cha kutajwa jina.
Nimo chini kabisa ya ukurasa: michango midogo, jumla,
tarakimu moja iliyotumeza sote, mimi na bata wangu,
fundi bomba Lindquist, yule mama wa kantini.
Mwaka ule wa kwanza tulikuwa nusu ya fedha zako.
Mwaka jana tulikuwa senti nne katika kila dola.
Sijui kama hili ni shtaka. Labda nasi tulichoka kutuma.

Usiku huu umo humu, ukumbi wa zimamoto, kahawa ya bure.
Kijana wako anakusanya maswali kwenye vikaratasi,
anavipanga upya vidoleni kama mcheza karata.
Mimi sikuandika swali. Nimekuja na kadi moja, mfukoni mwa koti.
Nitakukabidhi mbele ya watu, uisome mwenyewe
kwa sauti uliyosomea ahadi,
na ukimaliza uigeuze:
huko nyuma, kwa penseli, mwandiko wa mtoto wa miaka kumi,
jina lako, mara sita, na mihuri yangu ya zambarau.

Kiti changu kina mguu mfupi, kinayumba.
Nimesimama tangu ulipoingia.