Usiimwagie Kichwani

Uliniachia vikopo vitano dirishani,
na funguo, na deni la muuza mkaa.
"Usiimwagie kichwani," ulisema,
mguu mmoja tayari umo kwenye gari la Muheza,
"dughulushi si mchicha."

Nilicheka. Mimi fundi baiskeli,
spoku iliyolegea naijua kwa kuigonga na ukucha;
ua la kikopo litanishinda?

Wiki ya kwanza nikalionea huruma.
Ngamiani inawaka, bati linalia kwa joto,
nalo limejikunyata nyuma ya pazia kama mwali.
Nikalitoa nje lipate jua kama wenzake,
kama bogenvilia ya Mama Rehani
inayopanda ukuta na kuwatukana wapita njia kwa wekundu wake.
Jioni majani yalikuwa na madoa ya kahawia,
kanga iliyosahauliwa chini ya pasi.

Nikatubu kwa maji.
Maji asubuhi, maji adhuhuri, maji kabla ya kulala,
juu, kichwani, katikati ya moyo wake wa manyoya.
Nilipolishika likaja lote mkononi,
shina limekuwa uji.

Ijumaa ukapiga simu, toka kwenye kichuguu
nyuma ya zahanati, mtandao unapofika.
Mama anakula? Anakula kidogo, nyonga bado.
Na watoto wangu wa dirishani?
Wazima, nikasema.
Kisha ukanyamaza, na nyuma ya kimya chako
nikaisikia Amani ikidondoka: tone, jani, tone,
mvua iliyokwisha saa nyingi
bado inashuka toka mti hadi mti.
Huko hakuna anayelimwagia.
Limeng'ang'ania mwamba kwenye kivuli,
linapokea kilichobaki
miti yote ikishakunywa.

Vikopo vilikuwa vinne. Vikawa vitatu.

Nikaanza upya, kama mwanagenzi.
Makumbi ya nazi yaliyooza, mchanga kiganja kimoja,
chenga za mkaa (wa yule yule anayekudai).
Maji yaliyolala mtungini, nayatia kwenye kisahani, chini,
linywe lenyewe kwa kiu yake;
nusu saa, kisha namwaga yaliyosalia.
Dirisha la mashariki, pazia nusu.
Kila Jumapili nalizungusha robo,
kama nizungushavyo rimu nikitafuta ilipopinda.
Vumbi nalifuta kwa brashi ya gundi.
Mpya, usihofu.

Na lile lililooza lilikuwa na jani moja zima.
Nikakikata kikonyo mshazari kwa wembe,
nikatafuta cha kulipandia, nikaona kengele kuukuu
ya baiskeli isiyorudiwa na mwenyewe.
Nikaigeuza chali: kikombe,
na tundu la skrubu chini,
kana kwamba aliyeifua alijua.
Nikafunika kwa mfuko wa nailoni.

Mwezi. Mwezi na nusu.
Jani limesimama tu
kama mteja asiyejua anataka nini.
Mara ngapi nilitaka kulichomoa nione!
Nilijifunza kupita bila kugusa,
ufundi ambao hakuna aliyewahi kunilipa.
Siku ya sitini na kitu, penye udongo,
masikio mawili ya panya.

Masika yakapita, vuli ikapita.
Ulirudi na kikapu cha machungwa
na habari kwamba mama anagombana tena na kuku.
Hukuvua hata viatu. Ukahesabu:
moja, mbili, tatu.
Ukanitazama.
Nikapata mnyororo wa kukagua.

Ukainama kwenye kengele.
Maua mawili, kila moja dogo kuliko kifungo cha koti,
zambarau, na jicho la manjano.
Ukagonga ukingo kwa ukucha, kama mimi na spoku zangu.
Haikulia. Imejaa udongo.

"Na hii," ukasema, "ulikuwa unaimwagia wapi?"
"Chini."
Ukaenda kuvua viatu.