Kopo la Pili

Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
tumewasha majiko sita chini ya kanisa.
Aune anakanda unga kana kwamba anaudai.
Mimi namenya viazi. Dale anakata tanipu
na kulaumu kisu.
Pai mia nne za nyama, dola nane kila moja.
Hesabu niliipiga jana mgongoni mwa bahasha ya bili ya umeme,
nikaikunja, nikaificha,
maana jumla yake ilikuwa chawa
mbele ya namba aliyoandikiwa Reino na hospitali.

Reino mnamjua.
Miaka ishirini na mbili ameikwangua theluji ya barabara hii
kabla hatujaamka,
na kila akipita kwa mjane Hilja
alinyanyua lile koleo la chuma, asimzibie lango.
Sasa amekuwa manjano kama kurasa za Biblia ya kurithi,
tumbo limejaa maji, miguu imebaki fito.
Ini limegoma. Ini, si moyo:
moyo wake bado unauliza
nani analiendesha gari lake, na kama analitia oili.

Kila mlango wa mji una sura yake.
Benki, baa, duka la chambo:
kopo la kahawa lililotobolewa kifuniko,
na Reino akicheka ndani ya kofia ya rangi ya chungwa.
Watoto wanatia senti za peremende.
Mlevi mmoja wa kwa Wuori alitia noti ya mia,
kesho yake akaja kuomba arudishiwe themanini.
Nilimrudishia.
Ishirini ya mlevi ni sadaka nzito.

Haba na haba, sawa, lakini kibaba hiki kina tundu:
petroli ya maili mia nne kwenda, mia nne kurudi,
chumba cha kupanga jirani na hospitali, miezi mitatu,
na vidonge vya kuubembeleza mwili,
huyu si mgeni, mwache akae.
Vidonge vya maisha, si vya mwezi.

Na kuna mtu hayumo kwenye picha.
Marlys, binti wa dada yake,
mwenye zamu ya usiku pale kituo cha petroli,
ndiye atakayelala kitanda cha pili.
Mtu akikuumiza, husemwa amekukata maini.
Lugha haikuwa na habari za Marlys.

Bima italipa kisu. Kodi ya nyumba hailipi.
Wiki nane asiinue hata galoni ya maziwa,
wiki nane bila mshahara. Bosi wake alimpa pole
na wiki mbili.
Nilimuuliza, unahitaji nini? Akafuta kaunta
iliyokuwa safi.
"Hamna. Labda mtu wa kumvalisha Cody viatu vya theluji.
Sitaweza kuinama."

Basi leo nimeleta kopo la pili.
Picha sikuwa nayo. Nilibandika karatasi, nikaandika MARLYS
kwa kalamu ya kuwekea bei.
Ilipofika saa sita, kopo la Reino lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.
La Marlys lilikuwa na vifungo viwili na risiti.
Si roho mbaya. Mgonjwa anaonekana.
Mzima, nani humpa pole?

Saa saba Reino alishuka ngazi,
vidato kumi na moja, akipumzika mara tatu.
Hakula. Chumvi amekatazwa.
Alisimama mezani, akalisoma lile jina
polepole, kama mtu anayesoma deni,
kisha akalishika kopo lake,
akaugeuzia ukuta uso wake unaocheka,
na lile jingine akalisogeza mbele,
pale mkono unapofika kwanza.

Akaomba kiti.

Jioni nilihesabu mara mbili.
Sitasema kiasi, bado hakitoshi;
Jumamosi ijayo tunakanda tena, na viazi vimepanda bei.
Ila kopo la pili lilijaa hadi likakataa kufunga.
Kifungo kimoja hatujui cha nani.
Cha pili Aune alikitambua, akakidai:
ni cha koti lake.