Mwendo wa Kuazima

Kwenye fomu, mbele ya neno Kozi,
niliandika Sanaa za Maonyesho
kwa kalamu inayoishiwa wino,
nikapitia juu yake mara mbili, kukoleza.
Baba akaisoma chini ya taa ya jikoni.
"Kwa hivyo," akasema, "utakula makofi?"
Mama akacheka. Mimi sikucheka.
Makofi, kwetu Majengo, yana maana mbili,
na baba hakusema alikusudia ipi.

Darasa letu lilikuwa stoo ya kemia.
Mvua ikinyesha Tudor, sakafu hukumbuka asidi.
Pazia hatuna. Tuna leso kumi na mbili
alizoziunganisha Tunu kwa mkono,
kwa hivyo mfalme wetu yeyote, akitaka kuingia,
hupita kwanza chini ya *Usisafirie nyota ya mwenzio*.

Wiki ya tatu Bi Zuhura akasema:
"Msiniletee maneno. Maneno mnayo.
Nileteeni mwendo wa mtu mnayemjua,
kutoka mlangoni hadi kwenye kiti."
Akachora mlango kwa chaki.
Charo akamleta karani wa ada,
anavyosukuma kiti nyuma bila kuinuka;
tukacheka hadi tukakumbuka tunadaiwa.
Tunu akamleta nyanyake akivuka Barabara ya Digo,
kiganja juu, akiyazuia magari
kama azuiaye mtoto asikaribie jiko.

Mimi nilimchagua baba kwa uvivu.
Nilidhani namjua.

Siku nne nikajibanza dirishani,
nikimsubiri atoke zamu ya bandarini,
anakofunga makontena kwa vyuma vilivyokwisha kuiva juani.
Kutazama ni kazi; kuona, kazi nyingine.
Kutoka kona ya duka la Mbaraka
babangu alikuwa anachechemea.
Goti la kulia halikunjiki. Anauburuta mguu
kama mtu avutaye mzigo
asiotaka ujulikane ni wake.
Kwenye nguzo ya stima akasimama.
Akaishika. Pumzi moja. Ya pili.
Akanyoosha mabega, akapangusa uso kwa kiganja,
na kwa uso ule mwingine, mkavu, mpya,
akaingia kwetu sawasawa,
akipiga mluzi, akiuliza kuna nini sahanini.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Ya nne.
Miaka mingapi?
Na sisi ndani, na viazi vyetu vya nazi,
watazamaji wasiokata tiketi,
wasiojua kwamba wamekaa mbele ya jukwaa.

Siku ya mtihani akaja.
Hakuniambia. Nilimwona kati ya leso mbili,
na buti zake za kazi, karibu na sinki kuukuu.
Nilikuwa na mwendo wa kabla ya nguzo,
nilioufanyia mazoezi hadi nyonga ikauma.
Nikauacha palepale nyuma ya pazia.
Nikapita mlango wa chaki na ule mwingine:
mabega, mluzi, habari za humu.
Nikaketi. Goti nikalikunja vizuri,
mbele ya watu wote, kama goti la mtu mzima wa afya.

Sitini na moja.
Chini yake, kwa wino mwekundu wa Bi Zuhura:
*Unapendeza. Lakini huyu mtu anaficha nini?*

Baba hakupiga makofi.
Mikono yake ilikuwa imelifunika goti,
lile moja.

Tulirudi kwa miguu, polepole,
nami nikijifanya viatu vinanibana.
"Mluzi wako," akasema, "uko juu mno.
Mimi huanzia chini."
Nikamwambia nitarekebisha.

Tulipofika kwenye nguzo
nilikumbuka ghafla kwamba sukari imepanda,
nikageukia duka la Mbaraka,
nikasoma bei zote ubaoni, za juu hadi za chini,
mchele, mafuta, majani ya chai, betri,
nikarudia tena mchele,
mpaka nyuma yangu mluzi ukaanza.